Mtafiti wa vinasaba vya muhogo hufanya nini miaka yote hiyo?

Hapa Dar es Salaam ukitaja vinasaba na mbegu kwa pamoja, haipiti dakika mtu atataja GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa vinasaba maabara, na mazungumzo yanaharibikia hapo. Anayesomea vinasaba vya mimea huonekana ni mtu wa kupandikiza jeni za kiumbe kimoja ndani ya kingine, na kazi yake yote inahukumiwa kwa jambo ambalo watafiti wengi wa fani hiyo hawalifanyi kabisa. Tanzania haina zao lolote la GMO linalolimwa na wakulima kwa biashara. Maabara za vinasaba vya mimea zipo, hata hivyo. Mojawapo iko Mikocheni, kwenye kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Swali la haki kwa mlipakodi ni hili: kama hawatengenezi GMO, wanafanya nini humo, na kwa nini mbegu moja inachukua miaka kumi?

Nitaeleza kwa kutumia muhogo, kwa sababu ni zao la mji huu na mikoa inayouzunguka. Muhogo wa kukaanga wa Coco Beach wenye pilipili na kachumbari, muhogo wa nazi kwenye futari, kisamvu, chipsi dume za vibandani: sehemu kubwa ya mizigo hiyo inatoka Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo na Rufiji. Na huko mashambani kuna magonjwa mawili ya virusi yanayomtia mkulima hasara.

La kwanza ni batobato. Hili linaonekana kwa macho: majani yanajikunja, yanapata mabaka ya njano na kijani, na mmea unadumaa. La pili ni michirizi kahawia, nalo ni baya zaidi kwa namna yake. Shamba linaweza kuonekana zuri, majani yamesimama, shina limenenepa, kisha siku ya kuvuna unakata muhogo unakuta ndani kuna madoa ya kahawia, makavu na magumu, yasiyoliwa na mtu wala kununuliwa na mchuuzi. Mkulima amesubiri mwaka mzima, amelipa vibarua wa palizi, na hakupata dalili ya kumwonya. Wengi wamejifunza kuvuna mapema kabla uozo haujakolea, na hapo wanapoteza uzito. Magonjwa yote mawili huenezwa na nzi weupe, na huenezwa pia na sisi wenyewe, kwa sababu muhogo hupandwa kwa pingili. Pingili yenye virusi huzaa mmea wenye virusi, na jirani akija kuomba mbegu anabeba na ugonjwa.

Historia ya tatizo hili ni ya nyumbani. Michirizi kahawia ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga. Pale pale Amani ndipo ilipoanza kazi ya kuukabili kwa uzazi wa mimea: waliuchanganya muhogo na ndugu yake wa porini, mti unaotoa utomvu wa mpira, ambao virusi haviusumbui sana. Mzao wa mchanganyiko wa aina hiyo hauliki, una mizizi ya kijitijiti. Kwa hiyo walirudi kuuchanganya na muhogo wa kawaida tena na tena, kizazi baada ya kizazi, huku wakichagua miche iliyobaki na ukinzani lakini yenye mizizi ya kuliwa. Mbegu zilizotoka Amani zilipelekwa Nigeria miaka ya 1950, na uzao wake ukawa mmoja wa wazazi wakuu wa muhogo uliozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan, miaka ya 1970. Ni sehemu ya historia ya sayansi yetu ambayo nadhani ingestahili kufundishwa sekondari.

Watu wa Amani hawakuwa na kifaa chochote cha kusoma DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe za kiumbe. Walikuwa na macho, daftari na subira. Kujua kilichobadilika tangu wakati wao, lazima kwanza tujue muhogo unavyozaana.

Mmea mmoja wa muhogo una maua jike na maua dume kwenye kichala kimoja, na maua jike hutangulia kufunguka, kiasi cha wiki moja hadi mbili kabla ya madume. Mtafiti hulifunika ua jike kwa kifuko kabla halijafunguka, wadudu wasilifikie, kisha siku yake huja na chavua ya mzazi mwingine aliyemchagua na kulichavusha kwa mkono. Baada ya miezi miwili hadi mitatu tunda linakomaa, na ndani yake kuna mbegu zisizozidi tatu. Tatu tu! Na baadhi ya aina nzuri kabisa hazitoi maua ya kutosha, au hazitoi kabisa katika joto la pwani. Kwa hiyo kupata mbegu mia kadhaa kutoka kwa wazazi wawili ni kazi ya msimu mzima, ya vijana waliovaa kofia wakizunguka shambani saa za mchana na kuandika tarehe kwenye kila kifuko.

Kila mbegu kati ya hizo ni ya kivyake. Muhogo unapozaa kwa mbegu, hauzai mtoto anayefanana na mzazi. Kila mche una mpangilio wake wa sifa. Kati ya mia kadhaa, labda wachache wana ukinzani wa batobato, wachache wana ukinzani wa michirizi kahawia, wachache wanazaa sana, na wachache wanaiva vizuri. Anayetakiwa ni yule aliyekusanya vyote. Kwa njia ya zamani unaotesha miche yote, unasubiri mwaka, unakata pingili, unapanda safu ndogo ya kila mmoja, unasubiri mwaka, unachuja, unapanda mashamba madogo ya majaribio, unasubiri mwaka, unapeleka maeneo mengi, unasubiri tena. Mche mmoja hutoa pingili kumi hivi kwa mwaka, kwa hiyo hata ukitaka kuharakisha, vifaa vya kupandia hakuna. Hapo ndipo miaka kumi inakoishia.

Maabara huingia kwenye hatua ya kuchuja. Seti moja ya DNA ya muhogo ina takriban herufi milioni 750 zilizopangwa kwenye kromosomu 18, yaani nyuzi ndefu za DNA ambazo mmea hubeba kila moja kwa jozi, na ndani yake kuna jeni zaidi ya 30,000. Miche miwili ya muhogo hutofautiana kwa herufi moja moja katika sehemu nyingi sana. Tofauti nyingi hazina maana yoyote kwa mkulima. Lakini baadhi zimekaa jirani na jeni inayoleta sifa tunayoitaka, na vitu vilivyo jirani kwenye kromosomu hurithiwa pamoja. Mtu wa Dar akikuelekeza nyumba ya uswahilini hakupi namba ya nyumba. Anakwambia ukifika kwenye duka la kijani la Mangi, nyumba ya pili. Duka halina udugu wowote na mwenye nyumba, ila ukiliona umefika. Alama ya vinasaba hufanya kazi hiyo hiyo: si jeni yenyewe, ni kitu kinachoonekana kwa urahisi kilicho karibu nayo. Na kama duka lenyewe liko mtaa wa tatu kutoka kwenye nyumba, utapotea. Wakati wa kutengeneza chavua na mayai, vipande vya kromosomu hubadilishana nafasi, na alama iliyo mbali na jeni yake inaweza kutenganishwa nayo. Ndiyo maana watafiti hutumia miaka kutafuta alama iliyo karibu zaidi, na huipima upya kila wanapotumia wazazi wapya.

Batobato ilitoa mfano mzuri. Kwenye muhogo wa asili wa Afrika Magharibi ulipatikana ukinzani unaotokana na sehemu moja tu ya vinasaba, iliyopewa jina CMD2, nayo iko kwenye kromosomu ya 12. Sehemu moja yenye nguvu hivyo ni zawadi. Unaweza kuchukua jani changa la mche wa wiki chache, ukapima alama zilizo karibu na CMD2, na ukajua leo kitu ambacho shambani ungekijua baada ya msimu mzima wa kusubiri nzi weupe waje na virusi. Miche isiyo nayo unaiondoa kabla haijala nafasi, mbolea na mshahara wa kibarua. Alama hizo zilitumika kwa takriban miaka ishirini kabla jeni yenyewe haijajulikana. Ni mwaka 2022 tu ambapo utafiti ulionyesha kuwa ukinzani huo unatokana na mabadiliko madogo kwenye jeni inayohusika na kunakili DNA ya mmea.

Michirizi kahawia haikuwa na huruma ya namna hiyo. Kusini mwa Tanzania kuna aina ya muhogo iitwayo Namikonga, inayostahimili ugonjwa huu kuliko nyingi. Kenya kuna aina iitwayo Kaleso. Vinasaba vilipopimwa ilionekana kwamba ni muhogo mmoja wenye majina mawili, na asili yake inahusishwa na kazi ile ya Amani. Watafiti wakaichanganya Namikonga na Albert, aina inayoathirika sana, wakapanda uzao wake katika maeneo kadhaa, wakakata mizizi, wakapima uozo, na wakati huo huo wakasoma DNA ya kila mche. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha sehemu zinazojirudia kwenye kromosomu ya 2 na ya 11, na dalili za sehemu nyingine. Maana yake ni kwamba ukinzani huu umegawanyika. Kila sehemu inachangia kidogo, na alama moja haitoshi kukuhakikishia chochote.

Kwa sifa za aina hiyo, pamoja na wingi wa mavuno ambao nao unatawaliwa na jeni nyingi ndogo ndogo, fani imehamia kwenye njia iliyopendekezwa mwaka 2001 na wataalamu wa mifugo. Badala ya kutafuta alama moja yenye nguvu, unasoma maelfu ya alama kwenye miche mia kadhaa ambayo tayari umeipima shambani kwa makini. Kompyuta inajifunza kila alama inachangia kiasi gani, hata kama ni kidogo sana. Kisha ukipata mche mpya ambao haujawahi kuzaa muhogo hata mmoja, unasoma DNA yake na kompyuta inakupa makadirio ya thamani yake kama mzazi. Makadirio, nasisitiza. Lakini makadirio mazuri yanakuruhusu kuchanganya wazazi wapya mapema, bila kusubiri hatua zote za mashamba ya majaribio zimalizike. Tangu 2012 njia hii imekuwa ikifanyiwa kazi kwenye muhogo wa Afrika kupitia mradi uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Cornell, ambao baadaye Tanzania ilishiriki.

Kuna jambo hapa ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha kazi yote, na ambalo wanafunzi wengi wanaovutiwa na makoti meupe hawalijui wanapoingia. Makadirio ya kompyuta hayawezi kuwa bora kuliko vipimo vya shambani vilivyoyalisha. Kama aliyekata mizizi kwenye shamba la majaribio la Chambezi alikuwa amechoka na kuandika 3 mahali pa 4, kama miche ilibadilishwa lebo, kama upande mmoja wa shamba ulikuwa na unyevu zaidi na hakuna aliyeandika, maelfu ya alama za DNA hayataokoa kitu. Kwa michirizi kahawia kila muhogo hukatwa vipande kadhaa na kila kipande hupewa daraja kuanzia 1, kisicho na doa, hadi 5, kilichooza kabisa. Ni kazi ya kuinama juani kwa siku nyingi. Mtafiti mzuri wa vinasaba huwapo siku hiyo. Hamwachii fundi peke yake.

Upande wa maabara nao una mikono mingi kuliko watu wanavyofikiri. Jani changa linasagwa, linapashwa kwenye maji ya nyuzi 65 pamoja na dawa inayovunja kuta za chembe, DNA inatenganishwa na protini na utomvu, kisha inatoneshewa kileo ionekane kama ute mweupe. Muhogo una utomvu na wanga mwingi, kwa hiyo kupata DNA safi ni ustadi unaojengwa kwa kurudia. Kutoka hapo mashine ya PCR hunakili kipande unachokitaka mara mamilioni, kwa kupanda hadi zaidi ya nyuzi 90 na kushuka tena mzunguko baada ya mzunguko. Siku hizi kazi ya kusoma maelfu ya alama mara nyingi haifanyiki nchini: vipande vya majani vilivyokaushwa hutumwa kwenye maabara kubwa za nje, kwa mfano Australia, na majibu hurudi kama jedwali kubwa la namba. Wapo wanaoona hilo ni aibu. Mimi sioni hivyo. Kwa maabara yenye miche elfu moja kwa mwaka, kununua mashine ya bei hiyo na kemikali zinazoharibika umeme ukikatika ni kupoteza fedha ambazo zingelipa vibarua na mafuta ya gari la shambani. Kinachotakiwa kibaki hapa ni watu wanaoweza kulisoma jedwali lile.

Sasa turudi kwenye GMO, kwa sababu tofauti imeshaonekana. Katika yote niliyoeleza, hakuna mahali DNA ilipoguswa. Chavua imewekwa kwenye ua, kama nyuki anavyofanya, na mtafiti amesoma kilichozaliwa ili achague. Uhandisi jeni ni kitu kingine: ni kuingiza kipande cha DNA ndani ya chembe ya mmea maabara, na kukuza mmea mzima kutoka kwenye chembe hiyo. Tanzania ina sheria yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilifuatiwa na kanuni za usalama wa matumizi ya bioteknolojia za 2009, ambazo zilikuwa kali kiasi kwamba hakuna aliyethubutu hata kufanya jaribio. Ziliporekebishwa mwaka 2015, jaribio la mahindi yanayostahimili ukame lilipandwa Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016, ndani ya uzio. Novemba 2018 serikali iliagiza majaribio ya GMO yasimamishwe. Jirani zetu Kenya walikwenda njia tofauti, na mwaka 2021 mamlaka yao ya usalama wa viumbe iliidhinisha muhogo wa uhandisi jeni unaokinza michirizi kahawia. Mtu anaweza kuunga mkono uamuzi wa Dodoma au wa Nairobi, na mjadala huo ni halali. Kisichokuwa halali ni kuwaweka kwenye kundi hilo watafiti wanaochavusha kwa mkono na kusoma majani.

Njia ya kufika kwenye kazi hii ni ndefu. Kidato cha tano na sita ni tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), CBG (kemia, baiolojia na jiografia) au CBA (kemia, baiolojia na kilimo). Kisha shahada: wanaoingia kwa mlango wa maabara husoma baiolojia ya molekuli na bioteknolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanaoingia kwa mlango wa shamba husoma kilimo Sokoine, Morogoro. Kwa maoni yangu mlango wa Morogoro unatoa watafiti imara zaidi katika fani hii, kwa kuwa maabara hufundishika kwa miezi na shamba halifundishiki hivyo. Baada ya hapo ajira ya afisa utafiti, shahada ya uzamili, na uzamivu. Kwa uzamivu, vituo viwili vya kufundisha uzazi wa mimea vimebadilisha hali ya Afrika: ACCI cha Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kilichoanza mapema miaka ya 2000, na WACCI cha Chuo Kikuu cha Ghana, kilichoanza 2007. Utaratibu wa ACCI ni wa busara sana: mwanafunzi husoma darasani Pietermaritzburg miaka miwili ya kwanza, kisha hurudi nyumbani miaka mitatu kufanya utafiti kwenye zao la nchi yake. Akimaliza tayari ana miche yake shambani, na ana sababu ya kubaki.

Mwanafunzi akiniuliza ajifunze nini zaidi ya kinachofundishwa, nitamwambia takwimu, na tena takwimu. Kuna uhaba mkubwa wa watu wanaoweza kupanga jaribio la shambani vizuri na kulichambua kwa kompyuta wenyewe. Mwenye ujuzi huo hakosi kazi kwenye vituo vya utafiti vya Mikocheni, Kibaha, Naliendele, Ukiriguru, wala nje.

Mche uliofaulu yote hayo bado si mbegu. Hupelekwa TOSCI, Morogoro, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, ambako hupimwa kama unatofautiana na aina zilizopo, kama miche yake inafanana, na kama sifa zake zinadumu, pamoja na majaribio ya kitaifa kwenye kanda mbalimbali. Wakulima huitwa wapike na kuonja. Hapa miche mingi yenye vinasaba vya kupendeza huangukia, kwa sababu mama wa Mkuranga anataka muhogo unaoiva haraka, unaokuwa unga, usio mchungu, na hataki kusikia habari za kromosomu ya 12. Yuko sahihi. Aina ya muhogo iitwayo Kiroba ilienea ukanda wa pwani kwa kuwa iliwafaa walaji na wauzaji, na aina mpya yoyote hulinganishwa nayo.

Baada ya kuidhinishwa inabaki kazi ya kuzalisha pingili safi. Kwa kiwango cha kumi kwa moja kila mwaka, shamba moja la mbegu la Kibaha haliwezi kufikia wakulima wa pwani yote kwa muda mfupi, na pingili zikikaa karibu na mashamba yenye ugonjwa zinaambukizwa kabla hazijauzwa. Ndiyo maana siku hizi kuna wazalishaji wadogo wa pingili vijijini wanaokaguliwa na TOSCI, na majani ya mashamba yao hupimwa virusi maabara kwa PCR ile ile. Watafiti wengi wa vinasaba hujikuta, katika miaka yao ya mwisho ya kazi, wakishughulika na hili kuliko jambo jingine lolote: nani ana pingili, ziko wapi, na kama ziko safi.